Nyuso za Mama Foto

Mama Foto alikuja kwenye kilio cha mdogo wangu siku ya pili, saa sita mchana, na hakulia. Alipita kati ya wanawake waliokaa chini ya turubai, akamshika mama yangu bega, kisha akamgeukia baba na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Tata, ile kadi iko wapi? Nataka kuiona."

Kadi hiyo ya uchimbaji ndiyo iliyokuwa ushahidi wetu wote kwamba mdogo wangu amekufa. Mwili haukuwapo. Nilimchukia Mama Foto kwa muda wa dakika moja hivi. Nilidhani amekuja kutazama, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yake na hajawahi kupumzika.

Nitaeleza aliona nini kwenye kadi ile. Lakini asiyemjua hataamini, kama mimi mwenyewe nilivyokataa kuamini, kwa hiyo nianze na yeye.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Mimi niliyesoma sheria Lubumbashi, ninayeuliza mpaka watu wanahama kiti, sikuwahi kumwuliza hilo. Namjua kama jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, huku Kapata, pembeni mwa Kolwezi. Nyumba za mistari yetu zilijengwa na kampuni ya migodi, na siku ya kwanza zote zilikuwa sawa. Baadaye kila mtu aliongeza chake: huyu banda la kuku, yule chumba cha kupangisha. Mama Foto aliongeza tanuru. Liko nyuma ya nyumba, la matofali, refu kuliko mtu, na likiwaka majirani wote huanua nguo kwenye kamba huku wakimtukana kwa upole.

Chumba cha mbele ni studio. Ukuta mmoja mweupe, dirisha moja kubwa, kigoda kimoja. Chumba cha nyuma ni cha udongo, na humo kuna vichwa. Vichwa vya watu tunaowafahamu: muuza mikate, mwalimu wa darasa la tano, mama wa mchungaji, fundi baiskeli. Vimepangwa kwenye mbao, vyote vinatazama mlangoni. Nilipokuwa mdogo niliogopa kuingia humo peke yangu. Sasa naingia, lakini bado nasalimu.

Macho yake hukaa kwa mtu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ukimpelekea sahani ya sombe, atakushukuru, kisha atasema: "Sikio yako ya kushoto inaanza kufanana na ya tata yako." Kanisani hafumbi macho wakati wa sala. Niliwahi kumwuliza kwa nini.

"Bote bakifunga macho," alisema, "nani atabaki kuona?"

"Mungu," nilimjibu, ingawa mimi mwenyewe kwa habari hiyo sina uhakika.

"Basi tutakuwa babili."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi wa kampuni. Wanaume walipanga mstari mbele ya ukuta mweupe, naye aliwapiga mmoja mmoja, tangu asubuhi mpaka king'ora cha mchana. Anasema hapo ndipo alipojua kwamba mtu anaweza kuazima pua ya ndugu yake, lakini masikio ni yake peke yake. Kisha mambo ya kampuni yakaharibika. Mishahara iliacha kuja, na filimu nazo zikaacha kuja. Kamera ilikuwapo, watu walikuwapo, macho yake yalikuwapo. Filimu hakuna.

"Mikono ilikuwa inaniwasha," aliniambia. "Njo nikaenda kule ku kichuguu, nikaleta bulongo mu ndoo. Bulongo hauishake kama filimu mu magazini."

Kichwa chake cha kwanza cha udongo huo hakikufanana na mtu yeyote. Alikiweka barazani na kuwauliza wapita njia huyu ni nani, na kila mmoja alitaja mtu mwingine. Alikichoma hivyo hivyo, kisha akakivunja, akakitwanga katika kinu mpaka kikawa unga, na unga huo akauchanganya na udongo wa kichwa cha pili ili kisipasuke. Ndivyo anavyofanya mpaka leo. Ndani ya kila kichwa kizuri mna kichwa kimoja kilichomshinda. Hilo halifichi. Mteja akisifu kazi yake, yeye humwambia mara moja ni nani aliyetwangwa humo.

Filimu ziliporudi, na baada yake kamera zisizohitaji filimu, watu walifikiri ataacha udongo. Hakuacha. Watu waliposema sasa kila kijana ana simu na studio haina maana, hakuacha studio pia. Alifungua milango yote miwili. Kuna mwaka alipeleka vichwa na picha Lubumbashi kwenye maonyesho. Nilikuwa mwanafunzi huko, nikaenda kumsaidia kubeba. Bwana mmoja mwenye miwani, mgeni wa heshima, alimwuliza mbele ya watu kama yeye ni mchongaji au mpiga picha, kwa sababu katika karatasi yake palikuwa na nafasi ya neno moja tu.

"Tata," alimjibu, "we unakulaka na mukono ao na kinywa?"

Watu walicheka, bwana yule alicheka pia, lakini nafasi ile ilibaki wazi. Nilimwona akiitazama karatasi yake mpaka jioni.

Kilichowavuta zaidi watu wa maonyesho hakikuwa vichwa. Zilikuwa picha za vichwa visivyokuwapo. Siku moja kabla ya kuwasha tanuru, Mama Foto hupiga picha ya kila kichwa kilichokauka, kwa mbele, kwa ubavu, kwa kisogo, kwa sababu moto hauahidi kitu. Udongo ukibakiwa na unyevu kidogo ndani, kichwa hupasuka, na huchukua na kichwa kilicho kando yake. Picha hizo anaziita picha za kuaga. Za vilivyotoka salama anazitia kwenye sanduku. Za vilivyopasuka anazitundika.

Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza maneno mapya chuoni, likizo moja nilikwenda kumsumbua. Nilimwambia picha ni ushahidi, lakini kichwa cha udongo ni maoni tu.

"Foto?" alisema. "Foto inakamata mutu mara moya tu. Kama alikuwa anataka kukohoa, atabakia mutu wa kukohoa mpaka siku ya mwisho."

"Kwa hiyo udongo ndio unaosema kweli?"

"Aa! Bulongo njo unadanganya zaidi. Sababu unapata wakati ya kudanganya."

"Sasa nishike kipi?"

"Shika ndoo, avoka. Maji iliisha."

Aliniita avoka, yaani wakili, tangu nilipoanza chuo, na hakuacha nilipomaliza na kurudi nyumbani bila kazi. Kila mtu mtaani aliniita hivyo kwa kunidhihaki. Yeye sijui kama alidhihaki.

Alikuwa na mipaka yake ambayo hakuieleza. Hakutengeneza kichwa cha mtu aliyekufa. Watu walikuja na picha zilizokunjwa, na machozi, na yeye aliwakatalia wote kwa maneno yale yale: mtu lazima akae juu ya kigoda, na yeye lazima amzunguke. Nilimwona mkatili. Lakini huyo huyo mkatili alitumia wiki nzima kutengeneza kichwa cha kichaa wa sokoni, kwa sababu tu mtu yule alikubali kukaa. Mchungaji wetu naye aliagiza kichwa chake, akakaa vizuri sana. Kilipotoka motoni na kidevu chake cha pili, akasema hakifanani naye, hakichukui. Mpaka leo kinazuia mlango wa uani usipigwe na upepo. Mchungaji akipita njia ile hutazama upande wa pili, na kwa kufanya hivyo hukionyesha kidevu chenyewe.

Sasa niseme kuhusu abakosi.

Wengi wa wateja wake ni wachimbaji. Vijana hutoka pande zote za nchi kuja kuchimba shaba na kobalti, na ili kupita kwenye lango la machimbo, kila mmoja anahitaji kadi ya ushirika wa wachimbaji yenye jina na picha. Hufika kwa Mama Foto moja kwa moja kutoka shimoni, rangi moja na ardhi. Yeye huwapa maji ya kunawa, kisha huwavalisha abakosi, ile suti ya enzi za Zaire ya kufunga vifungo mpaka kooni, nyeusi, aliyobaki nayo tangu wakati wa kampuni. Ni moja tu. Wote huvaa hiyo hiyo, wembamba kwa wanene.

"Mama, unatuvalisha Zaire!" hupiga kelele waliobaki kwenye foleni.

"Vaa. Mama yako akiona hii kadi, aone mutoto yake, hapana jiwe."

Mnene mmoja aliwahi kuvuta pumzi akiwa ameivaa, na kifungo cha juu kikavunjika. Vifungo vyenyewe vilikuwa vya plastiki nyeusi inayong'aa, vya aina ambayo haipatikani tena. Mama Foto hakuhangaika kwenda sokoni. Alikanda kifungo cha udongo, akakitoboa matundu mawili, akakichoma kando ya kichwa cha mtu fulani, akakishona. Nilikuwapo. Nilimwambia kinaonekana. Alisema kwenye picha ndogo vile nani atakiona?

Hapo ndipo mdogo wangu anapoingia.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha shule akaanza kuchimba, baba akamkatalia, na siku moja walisemeshana maneno ambayo sote tuliyasikia kupitia ukutani. Aliondoka na begi moja. Simu yake ilizimwa. Miezi mitatu ilipita. Baba hakumtaja jina, lakini kila lango lilipolia alikuwa wa kwanza kuinua kichwa.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, na shimo moja kwenye machimbo ya upande wa pili wa mji likaporomoka na watu wanne ndani. Hawakuweza kutolewa. Mlangoni mwa shimo zilibaki ndala, mashati, na mfuko wa nailoni uliopasuka ambao ndani yake mlikuwa na kadi moja tu. Ilikuwa imekaa siku tatu kwenye maji. Jina lilisomeka vizuri: la mdogo wangu. Picha ilikuwa imeingia maji kuanzia juu. Uso ulikuwa umeyeyuka ukawa doa la rangi ya chai, na chini yake palibaki shingo na kola na vifungo viwili vya abakosi. Machimboni watu huitana kwa majina ya utani, na hakuna aliyejua jina la kweli la yeyote kati ya wale wanne. Walituletea kadi. Mama aliigusa ile kola na kuanguka.

Kwa hiyo Mama Foto alipoomba kadi, baba aliitoa mfukoni mwa shati lake na kumpa. Yeye hakuitazama hapo. Alitoka nayo juani, akaishika karibu na jicho, akaigeuza upande huu na upande ule. Kisha aliniita.

"Avoka. Kuya huku."

Nilikwenda.

"Unaona nini?"

"Naona mdogo wangu amekufa, mama."

"Sikuulize unalia nini. Unaona nini?"

Nilitazama. Kifungo cha chini kilikuwa na nukta nyeupe, mwanga wa lile dirisha lake kubwa. Kifungo cha juu hakikuwa na nukta. Kilikuwa duara la giza, bila mng'ao wowote.

"Mudogo yako alikuya lini kupigisha foto?"

"Alipoanza. Kiangazi, wakati wa baridi, kabla ya mvua."

"Na ile kifungo ya bulongo, nilitengeneza lini?"

Nilikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwapo: mvua za kwanza, wiki chache baada ya mdogo wangu kuondoka nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilibishana naye. Nilimwambia maji yanaweza kufuta nukta. Nilimwambia huenda mdogo wangu alirudi kwake kupiga picha mpya. Nilimwambia hawezi kuingia kwenye nyumba yenye msiba na kumpa mama yangu tumaini linaloning'inia kwenye kifungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi twende uhakikishe," akatangulia.

Kwa kila picha ya kadi anayopiga, hubandika nakala moja kwenye daftari, na jina chini yake, na alikotoka mtu. Nilikaa sakafuni kati ya vichwa nikapekua. Mdogo wangu alikuwapo kwenye daftari la kiangazi, ametoa macho kama mtu aliyeambiwa asicheke, na kila kifungo cha abakosi kina nukta yake, cha juu kikiwa na nukta kubwa kuliko vyote. Nilipekua kurasa zote za baada ya kifungo cha udongo, mara mbili, nikiweka kidole kwenye kila uso. Hakuwamo.

Kila mtu hapa anajua, na hakuna anayesema mbele ya wakubwa wa ushirika, kwamba kadi huazimwa. Asiye nayo huichukua ya mwenzake, huinua nailoni kwa wembe, hubandika picha yake, hufunga tena kwa pasi. Jina linabaki la mwenye kadi. Mlinzi wa lango hutazama uso, hasomi jina.

"Haithibitishi kwamba yuko hai," nilisema. "Inathibitisha tu kwamba picha si yake."

"Mi sikusema iko muzima," alijibu. "Minasema ule alikufa mu shimo hapana ye. Ile ingine, sijue. Mi si nabii."

Huo ndio ulikuwa uungwana wake, na sikuutambua siku ile. Angeweza kusema yuko hai, na mama angempigia magoti. Alirudi kwetu, akakaa chini kati ya wanawake, akamwambia mama maneno hayo hayo bila kuongeza hata moja. Wajomba waligawanyika. Mmoja alisema kilio kikishaanza hakisimamishwi, kukisimamisha ni kuita kifo mara ya pili. Baba alisimama akaanza kukunja turubai. Alilikunja peke yake, vibaya, mpaka watu wakaona haya wakamsaidia.

Siku kumi na saba hatukulia wala hatukucheka. Nilizunguka machimboni na picha ya daftarini. Watu walimkumbuka, lakini hakuna aliyejua alikokwenda. Siku ya kumi na nane simu ya mama ililia kwa namba tusiyoijua, na sauti ikasema, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatiwa: "Mama, ni mi. Usikate."

Alikuwa Mutshatsha, mbali huko kwenye reli. Alikuwa amebadilishana kadi yake kwa baiskeli na kijana waliyechimba naye miezi miwili, akaenda huko kubeba makaa. Simu aliiuza njiani. Hakupiga kwa sababu ya baba. Mama alimtukana kwa lugha tatu, na sisi wote tukiwa tumesimama kumzunguka tulicheka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Alirudi kwa treni ya mizigo akiwa na baiskeli yake. Kesho yake asubuhi tulimkuta baba uani na ndoo na kitambaa, anaosha ile baiskeli, tairi kwa tairi, mpaka kwenye spoku.

Tungeishia hapo kama ingekuwa juu yangu. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu, ambayo huwa haitazami pembeni. Aliyetazama pembeni ni Mama Foto. Kwenye ile picha iliyoharibika shingo ilibaki, na shingoni palionekana uzi mweusi mwembamba. Alitafuta daftarini mpaka akampata mwenye uzi: kijana wa kutoka Kananga, kule Kasai, uso mpana, jina lake limeandikwa chini. Aliulizia kwenye kanisa la familia za Kasai mpaka akaambiwa kuna mjomba wake hapa Kolwezi, karani wa ghala. Tulikwenda pamoja. Mjomba alilitazama daftari muda mrefu. Alisema dada yake alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza kama kijana amepata kazi nzuri, naye alikuwa akimjibu ndiyo.

"Hatuna mwili," alisema mjomba mwishoni. "Mama yake atakuya. Nitamuonyesha nini?"

Nilisubiri Mama Foto aseme maneno yake ya siku zote kuhusu kigoda. Badala yake akauliza: "Atakuya siku gani?"

Nilipomwuliza njiani kwa nini amevunja sharti lake, alisema hajui, na kwamba niache kumhoji mtu anayetembea juani.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Alikuwa amemtuma mtoto wa jirani aseme niende, pamoja na mdogo wangu. Mdogo wangu hakutaka. Tangu arudi na kusikia habari ya shimo, alikuwa akilala mchana na kuepuka njia ya machimbo. Jina lake ndilo lililosomwa chini ya turubai, na mwili wa mwingine ndio uliokuwa chini ya mawe. Alikuja kwa sababu nilimshika mkono wa shati.

Kichwa kilikuwa juu ya meza, bado kibichi, kimefunikwa kitambaa cha maji. Mama Foto alikifunua. Kwa mbele alikuwa yule kijana wa daftarini kabisa. Kwa ubavu hakuwa mtu. Masikio yalikuwa mabonge mawili, kisogo kilikuwa kama jiwe la mto.

"Nina foto moya tu, ya mbele," alisema. "Mi sikumuzunguka. We ulimuzunguka miezi mbili. Ikala."

Mdogo wangu alibaki amesimama. "Mama Foto, mi sina mikono ya kazi hii."

"Sikuulize mikono. Sikio yake ilikuwa namna gani?"

Nilikuwa na maswali kama matano hivi mdomoni, kuhusu kumbukumbu na jinsi zinavyodanganya, na mara moja katika maisha yangu niliyaacha yakae.

"Ilikuwa inatoka inje," mdogo wangu alisema. "Ya kuume zaidi. Tulikuwa tunamuchokoza, tunasema anasikia mpaka Lubumbashi."

Mama Foto alivuta udongo kwa kidole gumba. "Hivi?"

"Zaidi."

"Hivi?"

"Hapana, mama. Kwa chini, hapa." Alinyoosha kidole, hakikufika. Alisogea. Akagusa. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono ya shati, na kwa vidole viwili akaanza kuivuta ile sehemu ya chini ya sikio, taratibu, ulimi ukiwa nje. Mama Foto alirudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye nguo, akatazama.

"Shingo ilikuwa nene kuliko hii," alisema mdogo wangu bila kuulizwa. "Alikuwa anabeba mifuko mbili. Mi moya, ye mbili."

"Ongeza."

Aliongeza. Alizungumza sasa, huku akikanda: jinsi kijana yule alivyokula bukari kwa haraka, jinsi alivyomwonea wivu mdogo wangu kwa kuwa na mama anayeishi karibu, jinsi siku ya kubadilishana walivyocheka wote wawili kwa sababu kila mmoja alidhani amempunja mwenzake. Machozi yalimtoka yakashuka kidevuni, na hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa udongo mpaka kwenye viwiko. Hakuacha kukanda.

Simu ikalia mfukoni mwake, ile mama aliyomnunulia aliporudi. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Tangu arudi, mama hawezi kumaliza saa moja bila kumtafuta, hata akiwa ameenda tu kuchota maji. Mdogo wangu alinitazama, akainua mikono yake miwili michafu.

Nilimtolea simu mfukoni nikaipokea.

"Mutoto iko wapi?" mama aliuliza.

"Iko hapa, mama," nilisema. "Iko hapa na mi. Minamuona."